Mzee Hatua Mia, Mlinzi wa Mpaka Uliohama

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, mwenzetu anayejulikana na wote kwa jina la Mzee Hatua Mia atarudisha filimbi, koti la mvua na funguo za stoo, na hapo atakuwa amehitimisha miaka thelathini na minane na miezi minne ya utumishi katika kituo chetu cha misitu. Koti la mvua ni jipya kabisa. Alipewa miaka kumi na tisa iliyopita na hajapata sababu ya kulivaa.

Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, karani wa masijala, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mafaili yake yote ninayo mimi, na pia kwa sababu wengine walioombwa walisingizia mafua. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, meza yangu ikitazamana na yake. Mkuu wa Kituo ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi kuwa mchangamfu na kusema kweli pia, ingawa vitu hivyo viwili si marafiki sana.

Mzee aliajiriwa akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye mke, mtoto mmoja na sare iliyompwaya. Wakati huo kituo kilikuwa na watumishi wawili, yeye na mkuu wake. Msitu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuuzunguka kwa miguu kulichukua siku tatu, na aliyetoka doria alipokewa kama mtu aliyerudi safari. Leo kituo kina watumishi arobaini na mmoja, na msitu unaweza kuuzunguka ukarudi kabla maji ya chai hayajachemka. Nimejaribu mwenyewe, kwa birika la ofisi.

Asije mtu akadhani tulikuwa tumelala. Tulikuwa tunachapa kazi, tena kwa bidii, na ndiyo shida yenyewe.

Kanuni iliyompa Mzee jina lake ni fupi, na imebandikwa ukutani juu ya meza yake tangu karatasi ikiwa nyeupe. Inasema kwamba baina ya jiwe la mpaka wa msitu na nyumba ya mtu yeyote pawe na hatua zisizopungua mia moja. Walioitunga walikuwa na nia njema: watu wasijenge karibu na miti. Akitokea wa kujenga, mlinzi anamsomea barua, anampa siku saba, mtu anahama, mambo yamekwisha.

Mwezi wake wa tano kazini alitumwa kupeleka barua ya kwanza. Upande wa mashariki kuna familia ilikuwa imejenga hatua sitini kutoka kwenye jiwe. Alikwenda amepiga sare pasi mpaka mikunjo inakata. Mlangoni akamkuta mama amepakata mapacha wa siku tano, mmoja analia, mwingine anavuta pumzi ili apokee zamu. Alisoma barua hadi mstari wa pili, sauti ikamkauka. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema tu, "Pole na uzazi, mama," akaondoka. Njiani akapita kwenye lile jiwe, akalitazama. Jiwe halikuwa na watoto. Basi akalikumbatia, akalibeba hatua arobaini kuingia msituni, akalitua. Ofisini aliandika kwenye ripoti kwamba amepima na hakukuta nyumba yoyote ndani ya hatua mia. Ilikuwa kweli tupu.

Mwaka ule vituo vingine viliripoti wavamizi wa misitu kwa mamia. Chetu kiliripoti sifuri. Makao makuu yakafurahi, yakaleta cheti cha utumishi bora na barua ya kuuliza tunatumia mbinu gani. Tangu hapo hatujashuka. Vyeti thelathini na saba vimetundikwa ukutani ndani ya fremu za mbao ngumu, na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, mbao hizo hazikutoka mbali. Daftari la Wavamizi, kubwa, lenye jalada gumu, lililofunguliwa wiki aliyoajiriwa, lilibaki safi kama siku lilipotoka kiwandani. Wakaguzi walikuwa wakilipigia picha.

Utaratibu ukawa huo. Mtu akijenga, Mzee anafika, anapima, anahamisha jiwe. Hakuna ugomvi, hakuna mahakama, hakuna machozi. Watu walimpenda kweli. Wengine walimwita kabla hata msingi haujachimbwa, wakamkalisha kivulini, wakampa maji, wakamsaidia kusukuma toroli, maana jiwe lenyewe linakaribia uzito wa mfuko wa saruji. Kila nyumba ya vyumba viwili ilikuja na uwanja wa hatua mia mbele yake, na uwanja huo, kwa vile haukuwa tena msitu, haukuwa na mwenyewe. Wiki mbili hazipiti, ni visiki vitupu. Visiki navyo viling'olewa vikachomea matofali ya nyumba inayofuata. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, ila sidhani kama waliwahi kumwona mbanduaji akipewa cheti.

Kwa jumla, mawe yetu manne ya mpaka yamehamishwa mara mia mbili na kumi na nne. Kila uhamisho una mstari wake katika orodha ya masijala: tarehe, idadi ya hatua, na nyumba iliyosababisha. Orodha hiyo naitunza mimi kwa mwandiko mzuri.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu hawalijui. Kwa kuwa kipimo chetu ni hatua, na hatua ni za Mzee, usalama wa msitu ulitegemea sana goti lake la kulia. Alipokaribia miaka hamsini goti lilianza kumsumbua, hatua zikafupika, na mawe yakawa yanahama kwa upole. Kwa hesabu zangu, goti lile limeokoa miti mingi kuliko Kitengo cha Upandaji. Mwaka mmoja akapata dawa ya kuchua iliyomkubali, tukapoteza bonde zima. Halafu makao makuu, kwa kumhurumia, wakamletea msaidizi kijana, mchezaji wa mpira wa kikapu, miguu kama ngazi. Baada ya miezi mitatu tulimwomba kwa unyenyekevu ahamie kwenye mafaili.

Siku ya Kupanda Miti nayo Mzee hakuwahi kuikosa. Kila mwaka mgeni rasmi hupanda mche, hupigiwa makofi, huondoka, na jioni hiyo hiyo mbuzi wa jirani humalizia sherehe. Mwaka unaofuata tunapanda tena pale pale, kwa sababu shimo lipo tayari. Wageni rasmi thelathini na mmoja wamepanda katika shimo hilo moja. Mzee ndiye aliyekuwa analifagia mchanga kabla ya msafara kufika, na ndiye aliyelitengenezea kibao.

Nyumbani nako hakuwa nyuma. Ana watoto kumi na mmoja na wajukuu ishirini na tisa, hiyo ikiwa ni hesabu ya wiki jana. Kila mwaka alialikwa shule ya msingi kufundisha jinsi ongezeko la watu linavyomaliza misitu na kuleta jangwa. Alikuwa na chati yake nzuri: mstari mwekundu wa watu unapanda, mstari wa kijani wa miti unashuka, na mahali inapokutana amechora fuvu. Madawati mawili ya mbele walikaa wanawe. Mwalimu mkuu anasimulia kwamba siku moja mwanafunzi alinyoosha kidole akauliza huo mstari mwekundu ni akina nani. Mzee aliyatazama madawati ya mbele, akajibu kwamba ni watu wa huko mbali. Nyani haoni kundule. Wala simcheki, mimi mwenyewe nina sita.

Na nani angemkataza nani? Mtoto akikua anaoa, akioa anataka paa lake, na chini ya paa kunataka moto. Wale mapacha wa siku tano sasa wanatimiza miaka thelathini na minane, na ukijumlisha watoto wao, wadogo zao na watoto wa wadogo zao, ukoo wa yule mama una watu thelathini na wanne. Hakuna hata mmoja aliyezidi. Kila mmoja ukimwona unafurahi kwamba yupo.

Watu walipoongezeka, makao makuu yaliona kazi imetuzidi, yakatuongezea watumishi. Watumishi wakahitaji nyumba. Nyumba zikahitaji viwanja. Viwanja, nadhani msomaji amekwisha kunielewa. Ndivyo tulivyopata Kitengo cha Ramani, Kitengo cha Moto, na Kitengo cha Wanyamapori chenye watumishi sita na mnyama mmoja, kobe, ambaye faili lake ni nene kuliko langu.

Mchanga ulianza kuja mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wake. Mwanzoni tulidhani ni vumbi, tukanunua vitambaa. Kisha tukanunua mifagio. Sasa tuna Kitengo cha Mchanga chenye wafagiaji wanne, ambao kila asubuhi huutoa mlangoni na kuupeleka nyuma ya jengo, na upepo wa mchana huurudisha mbele, kwa hiyo ajira zao ni za kudumu. Mlango mkuu uligoma kufunguka miaka sita iliyopita. Tunaingia kwa dirisha la masijala, na hii ndiyo sababu meza yangu ina alama za viatu. Wageni rasmi huwekewa kitambaa.

Visima vilikauka kimoja baada ya kingine. Mashamba ya upande wa kusini yaliachwa, wenyewe wakasogea mjini, wakajenga, jiwe likahama. Mwaka huu mji mzima unakunywa maji ya chemchemi moja, nayo iko katikati ya kilichobaki cha msitu, yaani miti sitini na mitatu. Mtaalamu wa maji alipita mwezi wa tatu, akatueleza bila kuzungusha: miti hiyo ikiondoka, na maji yanaondoka, halafu tutaondoka sisi. Mzee alimsikiliza akiwa ameshika kofia mkononi. Alijua kwamba imebaki nyumba moja tu, ikijengwa pabaya, basi.

Jumatatu ya wiki iliyopita nyumba hiyo ilianza kujengwa.

Mjenzi ni mjukuu wake wa kwanza, fundi mwashi wa miaka ishirini na mmoja, kijana mwenye adabu zake, aliyeoa mwaka jana. Alishusha matofali kando ya jiwe la magharibi, akaja ofisini, akapita juu ya meza yangu kwa kuomba radhi, akampa babu yake shikamoo. "Ni chumba na sebule tu, babu," akasema. "Mtoto anakuja mwezi wa tisa. Ukipata nafasi uje utupimie." Mzee akaitikia marahaba, akakaa kidogo, akaenda kuchukua toroli. Miaka thelathini na minane ni mingi. Miguu ilikuwa imezoea kwenda hata kichwa kikikataa.

Sote tulimfuata, maana tulijua hesabu. Kutoka magharibi hadi mashariki msitu umebaki na upana wa hatua themanini na nane, kwa goti la sasa. Alianza kuhesabu kwa sauti. Akapita miti, akaivuka chemchemi kwa kuruka mawe huku tukimvushia toroli lenye jiwe, wenye ndoo wakampisha. Hatua ya themanini na nane akalifikia jiwe la mashariki. Hakusimama, kwa sababu kanuni haisemi usimame. Hatua ya mia ilimkuta ndani ya banda la jiko la fundi cherehani mmoja, banda ambalo kwa kanuni zetu si nyumba, na hapo ndipo alipolitua jiwe, kando ya sufuria. Kwa hiyo ilipofika saa tano asubuhi, jiwe la magharibi lilikuwa mashariki ya jiwe la mashariki, na msitu wetu ulikuwa na upana wa hatua kumi na mbili chini ya sifuri.

Mkuu wa Kituo aliitisha kikao cha dharura. Mtu wa takwimu alithibitisha kwamba namba ya namna hiyo ipo na inaandikika. Kitengo cha Ramani kilipendekeza msitu uchorwe upande wa nyuma wa karatasi. Kitengo cha Wanyamapori kiliuliza kobe ataripoti wapi. Kuna aliyeshauri tukope hatua kumi na mbili kutoka mwaka ujao. Mkuu wa Kituo aliuliza swali moja tu, wavamizi ni wangapi, na alipojibiwa kwamba hakuna, alishukuru akasema basi cheti cha thelathini na nane hakina wasiwasi.

Nje, wakataji miti walikuwa wamekwisha kunoa mashoka, wamekaa kwa heshima wakisubiri ripoti ipigwe muhuri ili msitu usiwe msitu. Muhuri unakaa kwangu. Niliwaambia wino umekauka. Huo ndio mchango wangu mkubwa kwa mazingira katika miaka ishirini na miwili, na sitaki kuukuza zaidi ya hapo.

Mzee mwenyewe hakuja kikaoni. Nilitumwa kumtafuta, nikamkuta bado jikoni kwa fundi cherehani, amekalia jiwe, kikombe cha chai mkononi. Yule fundi cherehani ndiye pacha aliyekuwa analia siku ya barua ya kwanza. Hadithi ya jiwe na mapacha kwao ni hadithi ya nyumbani, wamelelewa nayo, na alikuwa anaisimulia huku akipuliza moto, akicheka.

"Mama alikuwa haishi kuisimulia, baba," akasema. "Siku ile ulipokuja na barua, mizigo alikuwa ameshaifunga. Mjomba alikuwa amempa chumba mjini. Alikuwa anangoja tu umalize kusoma aondoke. Mara anaona umekunja karatasi, umekwenda zako! Akashangaa weee, akaifungua mizigo."

Mzee hakucheka. Alikiweka kikombe chini, akakitazama kana kwamba kimesema kitu.

"Kumbe aliyeogopa nilikuwa mimi," akasema.

Nilimwona akifuta macho kwa kofia. Mimi nami nilifuta yangu, na sioni aibu kuliandika hilo katika jarida la watumishi. Watu wazima watatu tulikaa jikoni, moto ukafifia. Miaka thelathini na minane ya huruma, na ya kwanza kabisa haikuhitajika.

Kesho yake alifika kazini mapema, akapita juu ya meza yangu bila kuomba radhi, akataka orodha ya uhamisho. Aliisoma kuanzia chini. Kisha akaniambia, "Karani, tunaanzia mwisho." Mstari wa mia mbili na kumi na nne ulikuwa wa jana, wa mjukuu. Tulilipakia jiwe kwenye toroli, tukalirudisha lilipotoka, wakataji wakitutazama kama watu walioona mvua ikipanda juu.

Mjukuu alikuwa ameshachimba msingi. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. "Watu mia mbili umewahamishia, babu, leo zamu yangu ndiyo sheria inaanza?" Mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu, na pale mwenye nguruwe na mwenye mkuki walikuwa damu moja. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. "Haianzii kwako," akamwambia. "Inaanzia kwangu. Chukua nyundo twende."

Mstari wa mia mbili na kumi na tatu ulikuwa wa Mzee mwenyewe. Ni nyumba aliyoijenga mwaka jana kwa ajili ya uzee wake, vyumba vitatu, madirisha ya vioo, rangi aliyoichagua mkewe. Kwa mujibu wa orodha, mahali jiwe lilipokuwa kabla ya nyumba hiyo ni sebuleni, baina ya kochi na televisheni. Tuliliingiza kwa mlango wa mbele, mjukuu upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalitua juu ya zulia.

Mkewe, ambaye amemvumilia miaka arobaini na mmoja, alilitazama jiwe, akalitazama zulia, akauliza mgeni huyu atakaa mpaka lini. Alipojibiwa kwamba jiwe halitoki, watakaotoka ni wao, alinigeukia mimi kwanza, nikaanza kutafuta mlango. Hatimaye akasema kwamba nyumba hiyo ina mchanga hata ndani ya unga, na kwamba amechoka kutafuna. Akaanza kukunja mashuka. Shuka la pili alilikunja mara mbili, na Mzee akaenda kumshikia ncha.

Ijumaa iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu kituo kiwepo, Daftari la Wavamizi liliandikwa. Idadi ya wavamizi: kaya moja, watu tisa. Jina la mvamizi: la kwake. Kazi yake: mlinzi wa msitu. Akajiandikia barua ya siku saba, akasaini mahali pa mtoaji, akasaini mahali pa mpokeaji. Halafu, kwa kuwa utaratibu unataka barua isomwe mlangoni, akavaa sare, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za nyumba yake, akaisoma kwa sauti. Majirani walitoka kumsikiliza. Mstari wa pili sauti ilikwama. Akakohoa, akarudia, akaendelea hadi sahihi ya mwisho.

Mkuu wa Kituo amehuzunika sana kwa ajili ya cheti. Makao makuu yalipiga simu kuuliza kama mvamizi ametambuliwa na kama ni mtu wa hatari. Tuliwajibu kwamba ametambuliwa, yuko ofisini, na chai yake hainywi na sukari. Wametuma bahasha mbili, moja ya pongezi kwa utumishi uliotukuka, nyingine ya wito wa kujieleza, na wameelekeza zote mbili akabidhiwe jukwaani. Kamati imeamua ataanza na ya pongezi.

Siku saba zinaisha Ijumaa hiyo hiyo ya kustaafu. Mabati yamekwisha kushuka. Mjukuu, baada ya kununa siku mbili, ameyahamishia matofali yake mjini, kwa mjomba wake, na anajenga juu ya ukuta uliopo badala ya kando yake. Anasema alikuwa hajawahi kufikiria kwamba nyumba inaweza kwenda juu. Mtoto wa mwezi wa tisa atazaliwa ghorofani. Wazee na wale saba wa kaya yao watakuwa chini yake, chumba kimoja na kibaraza, na watabanana, tusidanganyane. Sebule yenye jiwe imefunguliwa juu, na wakataji wawili wameomba wapewe majembe badala ya mashoka ili wapande miche humo, kwa kuwa kuta zinazuia mbuzi.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika, na huenda ndiyo sababu wasifu huu umekuwa mrefu. Mstari unaofuata katika orodha, wa mia mbili na kumi na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri, ni nyumba yangu. Nimeulizwa na wengi kama Mzee ameniamuru. Hajasema neno. Amenirudishia tu orodha, akaifunga, akanishika bega.

Barua nimeiandika jana. Watoto wangu sita wanajua, na aliye mdogo ameuliza kama tunaweza kwenda na dirisha. Kwa hiyo, baada ya bahasha, hotuba na chakula, wageni wote mnakaribishwa mbele ya nyumba yangu, ambapo nitaisoma barua hiyo kwa sauti. Namwomba Mzee asimame karibu yangu, maana sina hakika kama pumzi yangu itafika mstari wa mwisho.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka yote thelathini na minane, na zaidi kwa siku saba hizi. Tunakuombea afya, usingizi mwanana, maji karibu na mlango, na majirani wachache.